Nyimbo za Kijapani za Watu Wawili: Nani Ashike Sauti ya Pili?

Mwezi huu barua za karaoke zimejaa, na karibu zote zinauliza nyimbo za Kijapani za kuimba wawili kwa sauti mbili. Wengine mpo huko huko Japani kwa masomo au kazi za magari, wengine mpo Mombasa na Morogoro mmekua na anime, zile katuni za Kijapani. Nimechagua barua zinazogusa wengi. Msimamo wangu mtauona kwenye kila jibu, wimbo uchague kwa kumwangalia mtu unayeimba naye, alafu anayeshika sauti ya pili, ile inayosindikiza tuni, ajifunze sehemu yake peke yake kwanza mpaka aweze kuiimba mwenzake akiwa hayupo. Nyimbo nzuri nyingi zinaharibikia hapo.

Dada habari za kazi. Mi nipo Nagoya, nafanya kwenye yadi ya magari yanayosafirishwa kuja Mombasa na Dar. Desemba kampuni ina sherehe ya kufunga mwaka, watu wakishakula wanahamia karaoke, na mama mmoja wa uhasibu, mtu mzima wa miaka sitini hivi, ameshaniambia safari hii tutaimba pamoja. Kanisani naimba teno ila Kijapani changu ni cha kazini tu. Niandae wimbo gani nisimwangushe? (Fundi wa Nagoya)

Kaka, huyo mama amekuheshimu sana, basi nawe mwandalie kitu cha nyumbani kwao. Mi ningeandaa Ginza no Koi no Monogatari wala nisingetafuta mwingine. Ni wimbo wa 1961, aliuimba Ishihara Yujiro, yule nyota wa sinema za kampuni ya Nikkatsu, na Makimura Junko, na mwaka uliofuata ikatoka filamu yenye jina hilo hilo. Mtu wa miaka sitini aliukuta wimbo huu nyumbani tayari, wazazi wake ndo waliokuwa wanauimba, kwa hiyo ukiuchagua we kijana wa kutoka mbali utaona uso wake.

Na umepangwa vizuri sana kwa mgeni. Mwanamke anaanza mstari, mwanaume anajibu mstari unaofuata, wanaendelea kupokezana hivyo hivyo mpaka mwisho wa ubeti ambapo wanaungana kwenye ile mistari ya Tokyo na Ginza, mtaa wa huko huko Tokyo. Beti ni tatu na tuni ni ile ile, ukishika ubeti mmoja umeshashika wimbo wote, kilichobaki ni maneno. Mwendo ni wa taratibu, una nafasi ya kupumua na kuangalia skrini. Kwenye kuungana we imba tuni ile ile aliyoshika yeye, oktavu moja chini, sauti ya pili iache mpaka mzoeane, hamna mtu atakayekudai.

Maneno yasikutishe. Yaandike kwa herufi za Kilatini kwenye karatasi au simu, irabu za Kijapani ni a, e, i, o, u kama zetu na silabi karibu zote zinaishia na irabu, yaani mdomo wako umeshazoea tangu utotoni. Mambo mawili tu uyaangalie. Irabu ndefu uivute kweli, usiikate, coz pigo la mziki limehesabiwa pale. Na ile n inayokaa peke yake mwisho wa silabi ina pigo lake kamili, iimbe kama unavyoipa m nafasi yake kwenye mtu au mke. Wazungu wengi wanapotelea hapo, we hutapotea.

Ukiombwa wimbo mwingine uwe na Izakaya ya 1982, ya Itsuki Hiroshi na Kinomi Nana, watu wawili wanakutana kwenye kilabu cha pombe, rahisi kuimba na hauna cha kumkwaza mtu. Sannenme no Uwaki ya Hiroshi na Kibo, ya 1982 pia, inachekesha sana, mume amefumaniwa anataka asamehewe na mke hataki, ila kaka hiyo usiianzishe we, ngoja mama mwenyewe aiombe. Naniwa Koi Shigure ya 1983 uiache kwanza, ndani yake kuna maneno ya kusema kwa lafudhi ya Osaka, na bila ile lafudhi wimbo unakosa chumvi.

Dadangu, sisi ni mtu na mdogo wake, tupo Mombasa, tunapenda anime kupita kiasi. Tunaimba nyumbani kwa spika na ala za YouTube. Shida tukifika kwenye kiitikio sote tunajikuta kwenye sauti moja, mwenye sauti kubwa anamvuta mwenzake. Tupe nyimbo na utuambie tutatenganaje. (Mtu na Mdogo Wake)

Wanangu, kuimba sauti moja hakuna aibu yoyote, muanzie hapo hapo. Wapo Puffy, Onuki Ami na Yoshimura Yumi, na wimbo wao wa kwanza Asia no Junshin wa 1996, mziki wa Okuda Tamio na maneno ya Inoue Yosui, sehemu kubwa wanaimba pamoja tuni moja, wametulia kama wanapiga soga. Utafikiri rahisi lakini usikilize vizuri, wanaanza neno pamoja na wanalimaliza pamoja, na huo ndo msingi wa sauti mbili zote duniani. Mkiwa hamfungi neno pamoja kwenye sauti moja, mkitengana itakuwa kelele.

Hilo likikaa sawa nendeni kwa Aming. Hawa walikuwa wasichana wawili wanafunzi wa Nagoya, Okamura Takako na Kato Haruko, wakashinda tuzo kubwa ya Popcon, mashindano ya Yamaha, mwaka 1982 kwa wimbo Matsu wa, na kwenye Oricon, chati ya mauzo ya Japani, ukawa singo iliyouza kuliko zote mwaka ule. Msichana anasema atamsubiri yule kaka, hata ikibidi mpaka siku atakapoachwa na mwingine. Sauti mbili zinakwenda sambamba, hamna fujo ya vyombo nyuma, kila mmoja anasikika yuko wapi. Kwa wasichana wawili wanaoanza sijaona darasa zuri kuliko huo wimbo na nausema kwa moyo wote, hata kama sio wa anime.

Mkitaka sauti mbili mwanzo mpaka mwisho, tafuteni Koi no Vacance ya The Peanuts, 1963, mtunzi wa mziki Miyagawa Hiroshi. Ito Emi na Ito Yumi walikuwa mapacha, sauti zinafanana mpaka zinashikana, na ndugu kama nyie mna bahati hiyo hiyo coz rangi ya sauti mnairithi. Aliyewahi kuona filamu ya Mothra ya 1961, wale wadada wawili wadogo kama vidole wanaoimba ndo haohao.

Kwa anime hasa, Connect ya ClariS, ya 2011, ile ya mwanzo wa Madoka Magica, itawafaa. Najua na magnet mmeshaisikia, ile ya 2009 ya mtunzi anayejiita minato iliyoimbwa na Hatsune Miku na Megurine Luka, yaani sauti za kompyuta, na kwa mpangilio wa sauti ni tamu kweli, zinapishana na kukutana. Ila ni wimbo wa mapenzi ya kuibia, ya wapenzi wawili, someni tafsiri yake kwanza muone kama mnataka kuimbiana mtu na mdogo wake.

Sasa kutengana. Mwenye sauti kubwa apewe tuni, basi, msishindane na maumbile. Mwenye sikio tulivu achukue ya pili, aende chumba kingine na wimbo wake, asirudi mpaka ile sauti ya pili aione kama wimbo unaojitegemea wenye mwanzo na mwisho. Akirudi muanze mmoja huku sebuleni na mwingine mlangoni, msogeleane kidogo kidogo. Mkivutana tu mnarudi nyuma hatua.

Bwana Yesu asifiwe dada. Mi ni mwalimu wa kwaya Morogoro, kijana wangu alirudi kutoka kusoma Japani na nyimbo za enka, zile za Kijapani za mtindo wa zamani zenye hisia, na zile za vikundi vya wanaume wawili, nimezipenda sana. Nataka kuziimba naye kwa sauti mbili ila noti hamna popote na kwenye rekodi mara nyingine anaimba mtu mmoja tu. Sauti ya pili naitafutaje? (Mwalimu wa Kwaya)

Asifiwe milele mwalimu. Barua yako nimeipenda kuliko zote coz we tayari una chombo, sol-fa, na watu wengi wanaoenda karaoke hawana. Ngoja nikuelezee kirefu.

Enka nyingi zimejengwa kwa noti tano, do re mi so la, fa na ti zinarukwa. Wajapani wenyewe mpangilio huo wanauita yonanuki. Zile za majonzi zaidi mara nyingi zinachukua la ti do mi fa. Sasa we ukizoea sauti ya pili ya kanisani, yaani noti ya tatu chini ya tuni, utaanza vizuri tu, tuni ikiwa mi we upo do, tuni ikiwa so we upo mi. Shida inaanza kwenye noti nyingine. Tuni ikiwa la, hesabu yako itakupeleka fa, na fa kwenye wimbo usiokuwa na fa inaweza kukaa vizuri kama vyombo vimeenda kwenye kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) ya fa, vinginevyo itajitokeza kama mgeni, hapo shuka mpaka mi. Re hivyo hivyo, sikiliza besi, kama wapo kwenye kodi ya so nenda ti, kama sio kaa la. Na mwisho wa mstari tuni ikitua do, usimfuate kwa la hata siku moja, itasikika kama mambo bado hayajaisha, we tua so. Huo mwisho ndo watu wanaukumbuka mwalimu, ukiufunga vizuri makosa ya katikati yanasahaulika.

Andika tuni nzima kwa sol-fa kwanza, mstari mmoja, alafu chini yake andika ya kwako. Usirukeruke. Sauti ya pili nzuri inatembea, tuni ikipanda na kushuka sana we unaweza kubaki noti moja kwa maneno mazima, na kwenye enka hilo ni muhimu zaidi coz mwenye tuni anatikisa sauti, kule kutikisa kwa kobushi, na we ukitikisa pia hamna atakayejua noti ni ipi. Mmoja apambe, mwingine anyooshe. Na sio lazima uingie kila mahali, ubeti muachie mwenzako, ingia nusu ya pili ya kiitikio, watu watahisi wimbo umefunguka.

Vikundi vya wanaume wawili ni habari nyingine, wengi wao sauti ya pili ipo juu. Chage na Aska ni mfano mkubwa, Aska anashika tuni na Chage anampanda juu, SAY YES ya 1991 na YAH YAH YAH ya 1993, kila moja iliuza zaidi ya nakala milioni 2. Kobukuro, walioanzia kuimba mtaani Sakai mkoa wa Osaka, Kuroda ana ile sauti pana na Kobuchi anaelea juu yake, sikiliza Sakura ya 2005 na Tsubomi ya 2007 iliyochukua tuzo kuu ya Japan Record Award. Yuzu walianzia mtaani pia, Isezakicho kule Yokohama, na Iwasawa ndo wa juu, Eiko no Kakehashi ya 2004 ambayo NHK, shirika la utangazaji la Japani, waliitumia kwenye matangazo ya Olimpiki ya Athens, Wajapani wa rika zote wanaijua.

Kwa juu mtego ni mmoja, sikio la msikilizaji linapenda kuifuata noti ya juu likidhani ndo wimbo. Kwa hiyo wa juu apunguze sauti kweli kweli, aimbe kwa pumzi nyepesi, maiki aishike mbali kidogo. Kijana wako kama ana sauti nyembamba mpe yeye ya juu na we baba ushike tuni. Mkiimba mkajirekodi kwa simu, msisikilize kama mmependeza, sikilizeni kama mtu asiyejua wimbo angeweza kuifuata tuni bila kuuliza, kama hawezi basi ya pili bado ina nguvu.

Habari dada. Mi Mkenya, nimeolewa Yokohama, mume wangu ni Mjapani na karaoke ndo starehe yetu. Kwenye kii yangu, yaani kimo cha wimbo kinachonifaa, yeye anakaukiwa, kwenye yake mi nanguruma. Tutaimba nini? (Mama wa Yokohama)

Mama, tatizo hilo hata waimbaji wakubwa wanalo, tuni moja ikiimbwa na mwanamke na mwanaume lazima mmoja aumie, ndo maana nyimbo bora za jinsi mbili zinampa kila mtu sehemu yake. Kwa rika la mliokuwa vijana miaka ya 1990 nawapa Sekaiju no Dare Yori Kitto ya Nakayama Miho na bendi ya WANDS, 1992, mziki wa Oda Tetsuro. Nakayama ndo anabeba wimbo, na Uesugi wa WANDS anaingia kwenye kiitikio kumshikilia. Kwa hiyo kii ni ya kwako, mumeo hana ubeti wa kumkausha, kazi yake ni ile sauti ya pili tu, na mwanaume akiiimba kwa upole ule wimbo unakuwa kitu kingine. Nakayama alifariki Desemba 2024, watu wa umri wake sasa wanausikiliza kwa moyo mwingine, muuimbe kwa heshima.

Mkitaka wa karibuni ipo Uchiage Hanabi ya DAOKO na Yonezu Kenshi, 2017, ya filamu ya katuni. Mwanamke anaanza, mwanaume anakuja baadaye, mwisho wanakutana. Tena ni wa fataki za kiangazi, na Yokohama mnazo.

Kuhusu kii, rimoti ya chumbani inashusha na kupandisha nusu toni kwa nusu toni, ila watu wanajaribia mwanzo wa wimbo ambapo kila kitu ni rahisi. Jaribuni kwenye noti ya juu kabisa ya kila mmoja wenu, akipita mwenye shida zaidi basi kii ndo hiyo. Na mpe mumeo siri moja, achukue noti ya tatu juu ya tuni yako lakini aiimbe oktavu moja chini, itatokea noti ya sita chini yako. Sauti zenu zitakuwa na nafasi katikati, hatakaukiwa, nawe hutasikia mtu anakusongamanisha. Alafu punguzeni eko ya mashine. Eko inamfurahisha anayeimba peke yake, kwa wawili noti ya nyuma inaigonga ya mbele na mnaonekana hampo kwenye tuni kumbe mpo.

Dada mi ni mwanafunzi Tokyo. Nikiimba sauti ya pili na rafiki yangu mashine inatupa alama mbovu mpaka tunakata tamaa. Na pia naona aibu kujifunza mbele za watu. Nifanyeje? (Mwanafunzi)

Zima alama mdogo wangu. Ile mashine inaipima sauti yako kwa tuni kuu, inayo kwenye kumbukumbu yake noti kwa noti, ukiimba noti ya tatu chini, kwake ni umekosea hata kama mbinguni wanapiga makofi. Ukitaka alama imba tuni peke yako siku nyingine.

Kuhusu aibu, upo kwenye nchi iliyoshalitatua hilo. Mashine aliyoitengeneza Inoue Daisuke kule Kobe mwaka 1971 ilikuwa ya kwenye baa, unaimba wateja wote wanakuangalia. Vyumba vya kujifungia vilikuja katikati ya miaka ya 1980 mkoani Okayama, mtu alichukua kontena la mizigo akalifanya chumba cha karaoke, na leo majumba ya vyumba hivyo yapo karibu na kila stesheni kubwa. Kwenda peke yako ni kitu cha kawaida mpaka kina jina lake, hitokara, mhudumu atakuuliza mpo wangapi, sema mmoja, atakupa chumba kidogo na hamna atakayeshangaa.

Nenda mchana siku za kazi, bei huwa chini kuliko jioni. Nyimbo nyingi kwenye mashine zina mwongozo wa tuni, chombo kinaipiga tuni juu ya vyombo vingine, na baadhi zina mtu anayeiimba kabisa, uwashe huo na we uimbe ya pili juu yake, huyo ndo mwenzako wa mazoezi asiyechoka wala kuvutwa. Ukiweza kumaliza kiitikio bila kumfuata, zima mwongozo uache vyombo peke yake, uimbe ya pili ukiisikia tuni kichwani tu. Ukishapita hapo mpigie rafiki yako simu mkakate chumba cha wawili.

(Swali la yule kaka wa Muscat kuhusu maiki za kununua nitalijibu toleo lijalo, nataka nizijaribu kwanza mwenyewe.)